Inashika au Haiachii

Barua ilikuwa ya mistari minne, imechapwa vizuri, na chini yake palikuwa na nukta nyingi zinazosubiri saini.

Sindano aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza ya Mwenyekiti wa klabu, kofia yake ngumu ikining'inia kwenye kiwiko. Barua ilisema kwamba yeye, mwendeshaji namba kumi na saba, anakiri kuwa katika mashindano mawili yaliyopita aligusa kamba kwa makusudi kabla ya ishara, kwamba anaujutia udanganyifu huo, kwamba hatarudia, na kwamba anaomba huruma ya kamati ili aruhusiwe kushiriki Jumamosi.

Alilisoma neno "udanganyifu" mara mbili, kama mtu anayekagua ushonaji akitafuta palipofumuka.

"Saini hapo, binti, tuyamalize," alisema Mwenyekiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa faili lifungwe. "Usiposaini, Jumamosi utakaa na watazamaji, na msimu mzima utakuwa umekwisha kwako. Ukisaini, unaendesha. Wino tu huo."

"Sikugusa kwa makusudi."

"Uligusa, hukugusa?"

"Pikipiki ndiyo iliyogusa."

Mwenyekiti aliangua kicheko, akatazama huku na huku kama kuna mwingine wa kumsaidia kucheka. "Pikipiki! Basi ilete yenyewe isaini."

Sindano aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni. "Nitaileta," akasema, akatoka.

Mbio zao zilikuwa za vumbi na matope, kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa nje ya mji. Hawakuwa na taa za kuanzia wala geti la kuanguka. Walikuwa na kamba nene, imevutwa kifuani mwa waendeshaji kutoka nguzo hadi nguzo. Unapanga pikipiki nyuma yake, unatia gia ya kwanza, unabana klachi kwa mkono wa kushoto, unapandisha resi mpaka injini ingurume, unasubiri. Mshika kamba akiiachia, kamba inaruka pembeni na ninyi mnaruka nayo. Ukiigusa kabla, umeiba. Mara mbili Sindano aliigusa. Si kwa kuruka. Kwa kutambaa tu, inchi moja, inchi mbili, mpaka usukani ukalala kwenye kamba mbele ya watu mia tatu. Mara ya pili watu walipiga miluzi. Tangu siku hiyo kuna waliomwita Mwizi wa Kamba, na vijana wa kijiwe cha karibu na nyumbani walikuwa wakimwona wanashika mifuko yao, wanajifanya kuilinda.

Lililomuuma zaidi hakumwambia mtu. Alikuwa ameanza kuushuku mkono wake mwenyewe. Asubuhi alipokuwa akipiga mswaki aliutazama ule mkono wa kushoto, akajiuliza: au kweli unaachia bila mimi kujua?

Aliisukuma pikipiki hadi kwa shangazi yake.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa fundi cherehani. Si mshonaji, alitengeneza cherehani za wengine. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani tisa, mzima mmoja na wagonjwa wanane, na ukutani ubao uliopakwa rangi nyeusi ambao aliandika kwa chaki kila alichokijaribu. Hakusomea popote. Alijifunza kwa kufungua, kutazama, kuandika na kufunga, na alikuwa na sheria moja iliyowachosha wateja wake: habadilishi vitu viwili kwa mpigo. "Ukibadilisha viwili ikapona," husema, "utamshukuru nani?"

"Inaumwa nini?" aliuliza, kwa sauti yake ileile ndogo, kana kwamba mgonjwa amelala.

"Klachi inashika, Shangazi."

"Inashika, au haiachii?"

"Si yale yale?"

"Wapi! Mlango unaoshika ni mlango mzuri, mwizi haingii. Mlango usioachia umekufungia wewe mwenyewe ndani."

Sindano alikaa juu ya ndoo, taratibu. Maneno yale yalimrudisha wiki tatu nyuma, kwenye karakana ya Mjomba, kaka wa mama yake, ambaye ndiye fundi wa klabu. Alimwambia vivyo hivyo: Mjomba, klachi inashika. Na Mjomba, akiwa amelala chini ya pikipiki nyingine, alijibu kwa furaha, "Ikishika ndiyo raha yake, mpwa wangu! Ingekuwa inateleza ningehuzunika." Yeye akadhani amepuuzwa. Mjomba akadhani amesifiwa. Na kamati ilipomwita Mjomba kumuuliza kama pikipiki ya namba kumi na saba ina hitilafu, aliapa kwa moyo mweupe: pikipiki ni nzima, nimeitengeneza kwa mikono yangu, mwenyewe aliniambia klachi inashika.

"Kwa hiyo nimejifunga kwa ulimi wangu," alisema Sindano.

"Ulimi hauna mfupa, lakini unafunga kuliko mnyororo," alisema Shangazi. "Haya. Jumamosi ni lini?"

"Shangazi, Jumamosi ni Jumamosi."

"Nauliza tuna siku ngapi."

"Leo Jumanne."

"Zinatosha. Washa."

Waliitoa uani. Shangazi alichora mstari wa chaki kwenye saruji, akaagiza gurudumu la mbele liukanyage. Injini ikaachwa ipate moto, kisha Sindano akabana klachi mpaka mwisho, akatia gia ya kwanza. Pikipiki ikasita, kisha ikaanza kuuvuka mstari polepole, kama ng'ombe aliyeona majani kwa jirani.

"Umebana?"

"Mpaka mwisho! Njoo uone, vidole vimegusa mpini!"

Shangazi alikuja, akainama, akaviangalia vidole, akavigusa kimoja kimoja. Kisha wakaipandisha pikipiki juu ya kigoda, gurudumu la nyuma likaning'inia, na Shangazi akalikandamiza kwa ubao. Klachi ingekuwa imeachia, gurudumu hilo lingesimama kwa ubao tu. Halikusimama. Lilikula ubao, likatoa moshi.

"Mkono wako hauna kosa," alisema Shangazi. "Tusimhukumu mwingine bado. Lakini mkono wako hauna kosa."

Sindano aligeuka upande wa pili, akajifanya anatafuta spana.

Ubaoni Shangazi aliandika: *Haiachii. Ikiwa ya moto, zaidi.* Chini yake akaandika namba moja.

Namba moja ilikuwa waya wa klachi. Ukilegea, mkono wa klachi utavutwa na pleti za ndani hazitapata habari. Waliukaza kidogo juu, wakaukaza chini, wakaacha ulegevu wa upana wa sarafu tu, maana ukikaza kupita kiasi klachi itateleza na utakuwa umetibu jino kwa kuumiza fizi. Wakaijaribu kwenye mstari. Ikatambaa.

Namba mbili ilikuwa oili. Pleti za klachi ya pikipiki ile huogelea ndani ya oili ya injini, na oili ikiwa nzito huzigandisha kama karatasi zilizomwagikiwa chai. Jumatano asubuhi waliimwaga, wakatia ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, kwa kipimo, mpaka kwenye alama na si juu ya alama. Safari hii, injini ikiwa baridi, pikipiki haikuruka ilipotiwa gia kama ilivyozoea. Sindano alipiga makofi.

"Ngoja ipate moto," alisema Shangazi.

Ilipata moto. Ikatambaa.

"Shangazi, tuifungue yote, tubadilishe kila kitu!"

"Ukivua nguo zote kutafuta kiroboto, utamkuta kiroboto, ila utakuwa uchi sokoni. Namba tatu."

Namba tatu walifungua kava. Shangazi hakuwahi kuona klachi ya pikipiki kwa ndani, na alipoiona alitabasamu kama mtu aliyekutana na binamu asiyemjua: pleti za chuma na pleti zenye ngozi ya msuguano, moja juu ya moja kama sahani kabatini, zimebanwa na springi, zimebebwa na bakuli lenye meno. Ukivuta mkono, kifuniko cha juu kinainuka, sahani zinapumua, kila moja inaishi kivyake. Ukiachia, zinabanana na kuwa kitu kimoja. "Ndoa hii," alisema. "Wakati wa kushikana na wakati wa kupeana nafasi."

Alizilaza pleti za chuma moja moja juu ya kioo cha dirisha alichokiomba kwa jirani, akajaribu kupenyeza kijikaratasi chembamba chini yake. Hazikupinda hata moja. Kwenye meno ya bakuli alikuta vikovu vidogo mahali pleti zilipokuwa zikigonga. "Mwenye kovu usidhani kapoa," akasema, akavipitia kwa tupa laini ileile anayosawazishia meno ya cherehani, pole, pole, mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Alhamisi mchana walifunga. Wakawasha. Wakasubiri moto.

Pikipiki iliuvuka mstari wa chaki, ikaufuta na gurudumu.

Hapo ndipo Mjomba alipopita, amevaa ovaroli lake lenye jina la klabu mgongoni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Shemeji, habari za kazi? Naambiwa siku hizi unashona pikipiki."

"Nazitia viraka tu, shemeji," alisema Shangazi.

Mjomba aliiangalia pikipiki, akaangalia ubao wa chaki, ulioshushwa ukutani na kuegemezwa mlangoni, wenye namba tatu zilizopigwa mstari. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni. Alikuwa amemfundisha Sindano kuendesha, akimkimbilia nyuma ameshika kiti, miaka kumi iliyopita. "Mpwa wangu, nisikilize mimi. Hakuna asiyejua una hamu. Hamu ikizidi mkono unaachia wenyewe, hata mimi ujanani iliwahi kunitokea. Saini. Wino hauui."

"Mjomba, mimi siibi."

"Nani kasema unaiba? Nasema saini."

"Barua ndiyo iliyosema naiba."

"Ah! Kiburi hiki si cha upande wetu," alisema Mjomba akimtazama Shangazi.

"Cha upande wetu," alikubali Shangazi kwa upole. "Kipo kingi, kama unahitaji."

Alipokwenda zake, Sindano aliipiga teke ndoo ikaviringika hadi ukutani. Shangazi aliifuata, akaisimamisha, akaikalia, akafikiri. Kisha alifungua tena kava, akamwambia Sindano abane klachi na kuachia, abane na kuachia, huku yeye ameweka rula ya kushonea kando ya kile kifuniko cha juu cha klachi, jicho moja limefumbwa.

"Kinainuka kidogo," alisema.

"Kidogo sana?"

"Sijui. Kidogo ni kidogo kuliko nini? Kitabu hakisemi. Nataka nyingine kama hii. Nzima."

Mji mzima ulikuwa na pikipiki nyingine moja tu ya aina ile, ya daktari wa mifugo, ambayo alipandia milima kwenda kwa ng'ombe. Sindano alimpigia. Daktari alifika Ijumaa asubuhi, buti zimejaa uthibitisho wa kazi yake, akasikiliza maelezo yote bila kushuka.

"Kwa hiyo mnataka kuipima yangu ili mjue ugonjwa wa yenu," alisema. "Sawasawa kabisa. Mimi nikitaka kujua ng'ombe gani ana homa, naanza kumshika masikio asiye nayo."

Shangazi hakufungua injini ya daktari. Alifunga uzi mwekundu kwenye ncha ya chini ya waya wa klachi, pale unapovuta kijimkono cha injini, akaweka rula. "Bana." Uzi ukasogea milimita kumi na moja. Akafunga uzi mwingine kwenye pikipiki ya Sindano, mahali palepale. "Bana." Uzi ukasogea milimita saba na nusu, ukakwama hapo, ingawa vidole vya Sindano vilikuwa vimeshagusa mpini.

"Rudia."

Saba na nusu.

Wakatazamana. Waya ni uleule, urefu uleule. Shangazi aliufuata waya kwa kidole, kutoka chini, akapanda kando ya tangi, akapita chini ya usukani, akafika kwenye mkono wa klachi. Akaubana. Akaenda kwenye pikipiki ya daktari, akaubana wa kule.

"Daktari, huu wako mgumu."

"Mgumu kama kichwa cha mama mkwe wangu. Jioni vidole vinakataa kushika kijiko."

"Na huu ni laini kama siagi."

"Huo ndio uzuri wake," alisema Sindano haraka. "Ule wa zamani ulivunjika nilipoanguka mwanzoni mwa msimu. Mjomba akanifungia huu. Ni mzuri sana, nabana kwa kidole kimoja..."

Alijisikia akilitaja kosa lenyewe.

Shangazi alikuwa ameshafungua boliti zote mbili, ameilaza mikono miwili juu ya kitambaa, ubavu kwa ubavu. Kwa mtu anayepita ilikuwa pacha. Lakini kwenye wa daktari, kutoka tundu la boliti hadi kitundu kinamolala kichwa cha waya palikuwa na nafasi ya kidole gumba. Kwenye wa Sindano vitundu vile vilikaribiana, nafasi ya kidole cha mwisho. Kama mlango: ukisukuma karibu na bawaba na ukisukuma mbali na bawaba si jambo moja. Mkono ule ulikuwa laini kwa sababu ulivuta waya kidogo. Ulikuwa laini kwa sababu haukumaliza kazi. Injini ikiwa baridi nafasi ile iliponea chupuchupu. Ikipata moto, vyuma vikitanuka, pleti zilibaki zimegusana, na pikipiki ikatambaa kwenda kwenye kamba na jina la Sindano mgongoni.

"Kwa nini anifungie hivi?" Sindano aliuliza. "Shangazi, amefanya makusudi?"

"Sijui. Wewe pia uliulizwa kama umefanya makusudi." Shangazi alipangusa mikono. "Kaulize. Uliza kama ambavyo ungependa kuulizwa."

Mjomba alikuwa karakanani, anakula muwa. Sindano aliuweka mkono wa klachi juu ya meza yake ya kazi.

"Mjomba, huu uliutoa wapi?"

Uso wa Mjomba ulichanua. "Umeona eh? Niliutafuta sana huo. Ule wa asili ni wa wanaume, unakata vidole. Nikasema mpwa wangu ana mkono mdogo, atachoka mapema. Nikakuwekea mkono wa kike. Sikutaka kukwambia, nilijua utabisha." Alitema kapi la muwa. "Umekuja kushukuru miezi mitatu imepita, lakini haidhuru."

Sindano alishika ukingo wa meza. Alikuwa amejiandaa kumkuta adui. Hakujiandaa kwa hili.

"Ulimfungia mwingine yeyote?"

"Wengine wa nini? Wengine ni madume."

"Kwani nilikuomba?"

"Mpwa wangu..."

"Nilikwambia mkono wangu unauma? Siku hata moja? Umenibebea nisichokuomba, Mjomba, na mzigo nimeubeba mimi. Huo mkono wako wa kike hauvuti waya. Milimita saba na nusu. Wa daktari wa ng'ombe unavuta kumi na moja."

Mjomba alicheka kidogo, kisha akaacha. Alikuwa fundi, hesabu ilimwingia taratibu, kama maji kwenye mchanga. Akauchukua ule mkono, akaugeuza, akaweka kidole kati ya vitundu viwili.

"Mungu wangu," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Na mimi nimeapa mbele ya kamati."

"Ndiyo. Umeapa."

"Nitazungumza na Mwenyekiti faragha. Tutalimaliza kimyakimya."

"Mimi sikupigiwa miluzi faragha," alisema Sindano, akauchukua mkono wake akaondoka.

Jumamosi machimbo yalikuwa yamejaa. Mshika kamba, mwalimu mstaafu mwenye kofia pana na sauti iliyobaki kuwa ya darasani, alikuwa ameshavuta kamba yake. Mwenyekiti alisimama kwenye meza ya ukaguzi na faili lake. Sindano alifika mezani akiisukuma pikipiki, injini ikiwa ya moto kwa kuendeshwa kutoka nyumbani. Mkono laini ulikuwa umefungwa mahali pake kama zamani. Shangazi na daktari walikuja nyuma, daktari kwa miguu: pikipiki yake ilibaki uani kwa Shangazi haina mkono wa klachi. Alisema ng'ombe hawana saa, wangesubiri.

"Barua?" aliuliza Mwenyekiti.

"Uliniambia niilete pikipiki isaini. Nimeileta."

Watu wa karibu wakacheka. Kicheko kikavuta wengine, kama kawaida ya kicheko.

"Binti, usinichezee. Leo nina kazi."

"Dakika moja, Mwenyekiti. Panda wewe. Ulikuwa bingwa hapa, picha yako iko ofisini. Panda, tia gia ya kwanza, bana klachi kwa nguvu zako zote, ukae nyuma ya kamba nikihesabu mpaka kumi. Ukikaa bila kugusa, nasaini hapa hapa, mbele ya watu wote, na nasoma kwa sauti."

Mwenyekiti alitazama pikipiki, akatazama watu. Kukataa kungekuwa kuogopa. Alimpa mtu faili, akapandisha suruali, akapanda. Walimshangilia. Alibana klachi kwa mkono mmoja mkubwa kama jembe, akatia gia, akapandisha resi.

"Moja," alisema Sindano. "Mbili. Tatu."

Pikipiki ilianza kutambaa.

"Bana, Mwenyekiti!" mtu alipiga kelele.

"Nimebana!"

"Nne. Tano."

"Nimebana, jamani!" Alikandamiza miguu chini, buti zikaburura kokoto, mishipa ya shingo ikamsimama. Kwenye sita usukani ukaigusa kamba, kwenye saba ukaivuta, na pikipiki ikazimika imelala kwenye kamba kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba ya kigingi chake. Miluzi ilianza kwa mbali, kisha ikawa machimbo yote. "Mwizi wa Kamba! Mwizi wa Kamba!"

Mwenyekiti alishuka amekuwa mwekundu wa vumbi na wa kitu kingine. Sindano hakucheka. Alitoa spana mfukoni, akapiga magoti.

Mjomba alitokea katikati ya watu. "Lete, mpwa wangu. Nitafunga mimi."

"Hapana, Mjomba. Hili nafunga mwenyewe. Wewe una kazi nyingine."

Mjomba alielewa. Alisimama, ovaroli limemkaa vibaya leo, akasema kitu kuelekea viatu vyake.

"Kwa sauti, Mjomba."

"Ni mimi!" alisema, na machimbo yakatulia. "Nilimfungia mkono usio wake. Bila kumuuliza. Nikidhani namsaidia. Nikaapa kwamba pikipiki ni nzima, na haikuwa nzima. Mkono wa huyu mtoto haukuachia. Kilichokosea ni cha kwangu."

Sindano alikaza boliti ya mwisho ya mkono wa daktari, akaunganisha waya, akapima ulegevu kwa sarafu. Akapanda, akawasha, akaacha mpaka moto urudi. Gia ya kwanza. Akabana. Ulikuwa mgumu kweli. Ulimtoa jasho la kwapa. Shangazi alipita mbele bila kuambiwa na mtu, akasimama kati ya gurudumu na kamba, mikono nyuma, kama anayesubiri zamu dukani.

"Pandisha resi," alisema.

"Shangazi, toka hapo."

"Pandisha. Mimi nimeipima."

Sindano alipandisha mpaka sauti ikagonga kuta za machimbo na kurudi. Gurudumu halikusogea unene wa uzi. Kumi, ishirini, thelathini. Shangazi alikuwa akitazama vidole vya miguu yake kwa udadisi tu.

"Inaachia," alisema, akasogea.

Mwenyekiti alikohoa. Alikuwa amerudishiwa faili lake na hakujua alifungue au alifunge. "Sawa. Nimeona. Wote tumeona. Lakini kuna utaratibu. Barua imeshaandikwa, imeingia kwenye kumbukumbu. Saini tu, halafu kikao kijacho tutaifuta."

Sindano alizima injini ili asikike. Alitoa barua mfukoni, akaikunjua, akaiweka mezani ikiwa na alama zake nne za kukunjwa.

"Aliyeiandika aisaini," alisema. "Yeye pia ameigusa kamba leo."

Hakuna aliyepiga mluzi safari hii. Walisubiri. Ni Mshika kamba aliyesogea, taratibu, akivua kofia yake pana.

"Mimi ndiye niliyenyoosha bendera ya kosa mara zote mbili," alisema. "Nilisema nilichokiona, na nilichokiona kilikuwa kweli, ila sikuwa nimeona chote. Faili ni lako, Mwenyekiti. Kamba ni yangu. Namba kumi na saba, nenda kwenye mstari."

"Na saini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Umesikia umeambiwa nini kuhusu saini."

Sindano alishusha kofia ngumu. Kulikuwa na waendeshaji kumi na watano kwenye mstari. Wawili walisogea kumpa nafasi, mmoja hakusogea, naye Sindano akajipenyeza kama jina lake. Injini zikawaka zote, kokoto zikatetemeka. Alitia gia. Mkono wa kushoto ulianza kuuma hapo hapo, kuanzia kifundo hadi kiwiko, maumivu safi ya mkono unaofanya kazi yake yote. Kulia kwake kijana wa namba tatu alishindwa kuvumilia, gurudumu lake likasogea, akalirudisha kwa miguu. Mshika kamba alitazama mstari mzima kutoka mwisho hadi mwisho. Alikaa sana. Alipofika namba kumi na saba alikaa zaidi, na Sindano akamtazama naye bila kupepesa, usukani wake uko shibiri nzima nyuma ya kamba, umetulia kama umepandwa.

Mshika kamba akafungua mkono.